Pesa za Uzazi Wako Nilizichukua Mimi

Mkuyuni, Ijumaa mchana

Mwanangu Leti,

Asubuhi umenipa shikamoo yako nikaitikia, ukaniuliza nimeamkaje nikasema salama. Nilikudanganya kidogo, lakini salamu tumeshamaliza. Niingie moja kwa moja kwenye ninalotaka kukuandikia, maana nikianza kuzunguka nitaishia kukuuliza habari za mizigo.

Sasa hivi umekwenda Kirumba kuwaaga wenzako wa duka la dawa. Mama yako yuko uani anachambua dagaa wa kukufungia, ingawa nimemwambia Bukoba nako kuna dagaa. Mimi niko sebuleni, nimechukua daftari la mdogo wako Ema na kuchana kurasa za katikati. Kesho unapanda meli kumfuata mumeo, na tumbo la miezi sita. Mambo ya kliniki, ya kufungasha, ya kuishi na watu wa ukweni, hayo mama yako na shangazi zako wamekuambia wiki nzima, na mengi unayajua kuliko sisi. Sitayarudia. Nataka kukuambia jambo moja ambalo nilipaswa kukuambia ulipokuwa na miaka kumi na nne, siku uliponiuliza ukiwa unapiga kiwi viatu vya shule. Nitafika huko.

Nianze na Jumapili iliyopita. Mama yako alikuwa anakunja zile nguo za mtoto alizoshona mwenyewe. Akakuambia, "Leti, ukikaribia siku zako nije Bukoba nikae na wewe hata miezi miwili. Utapata kupumzika."

Ukamjibu kwa adabu, wala hukupandisha sauti. "Asante Mama Ema, usijisumbue. Wangu nitamlea mwenyewe. Sitampeleka kwa mtu."

Mama yako akasema, "Haya." Akaweka nguo kitandani, akatoka kwenda kuanua zilizokuwa kwenye kamba. Zilikuwa bado mbichi, Leti. Alizianua zinachuruzika maji, akazikumbatia kifuani, akasimama pale uani hajui aziweke wapi. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipo sasa, nasikiliza mpira redioni. Nilisikia kila neno. Nikaongeza sauti ya redio.

Watu wa nje wakikusikia unamwita Mama Ema wanadhani ni mazoea tu, kwa sababu mdogo wako alizaliwa na kukulia hapa. Sisi tunajua si mazoea. Tangu umetoka Ukerewe kwa bibi yako, ukiwa unakaribia miaka saba, hujawahi kumwita "Mama" tu, neno hilo peke yake. Mimi uliniita Baba siku ile ile ya kwanza. Nililipokea kama haki yangu.

Sasa nisikilize.

Tulipooana, mimi na mama yako tulipanga chumba kimoja hapa hapa Mkuyuni, nyuma ya soko. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, Nyakato. Yeye alikuwa na cherehani yake mwenyewe, aliyoinunua kabla hajanijua, kwa pesa za kushona sare za shule. Aliiweka barazani mbele ya chumba, na wateja walimfuata pale pale. Siku nyingine alikuwa anaingiza zaidi yangu. Hakuwahi kunisema kwa hilo.

Mimba yako ilipofika mwezi wa tatu, akaniita tukae. Nakumbuka aliepua sufuria kwanza, akijua maongezi yatakuwa marefu. Akasema, "Lukas, tuongee kabla tumbo halijawa kubwa."

Alikuwa ameshafikiri kila kitu. Pesa za kujifungua, na nyingine kama hizo hizo pembeni endapo mambo yangeharibika. Kodi ya chumba ilipwe miezi sita mbele, mwenye nyumba asije akatugongea mlango tukiwa na mtoto mchanga. Na pesa ya chakula ya miezi minne ambayo hatashona. "Baada ya hapo narudi kwenye cherehani," akasema. "Mtoto atalala kwenye kikapu, hapa pembeni yangu." Akatoka nje akanionyesha mahali penyewe kwa mguu. "Hapa jua halifiki."

Mimi nikacheka. Nimekulia Kwimba, sikuwahi kuona mtu anapanga ujio wa mtoto kama anapanga msimu wa kulima. Nikamwambia, "Teresia, mtoto si kiwanda."

Akanijibu, "Kiwanda kina meneja. Huyu ana sisi tu."

Basi tukakubaliana. Kila Jumamosi alinipa pesa za ushonaji, mimi naongeza za kwangu, na Jumatatu nikitoka kazini napita benki. Kitabu cha akiba kilikuwa na jina langu peke yangu. Yeye alitaka tuandike majina mawili. Nikamwambia hiyo ni foleni na usumbufu wa picha. Ukweli ni kwamba niliona aibu karani wa benki aone nimekuja na mke wangu kama mtu anayelindwa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, siku ambayo nilikuwa sijagusa hata shilingi.

Akiba ilikua. Sikuwahi kumiliki pesa kama ile. Nilikuwa nakifungua kitabu kazini wakati wa chai, nakiangalia, nakifunga.

Kisha baba yako mdogo Mathias akatangaza kuoa. Usije ukamchukia, hajui lolote katika haya mpaka leo. Mimi kama kaka mkubwa niliitwa kwenye kamati ya harusi. Kabla sijaenda, mama yako na mimi tulikubaliana mchango wetu, mdogo lakini wa heshima, akaniambia, "Hata wakikupigia magoti usiongeze." Kikao kilikuwa Kirumba, kwenye ukumbi mdogo karibu na uwanja wa mpira. Watu walikuwa wanaahidi. Huyu ng'ombe, yule mchele, mwingine kreti za soda. Wazee wa ukoo walikuwa wamekuja kutoka Kwimba, wamekaa mstari wa mbele na makoti yao. Mwenyekiti akasema, "Sasa tumsikilize kaka wa bwana harusi, mtu wa mjini."

Nikasimama. Ahadi yangu niliijua. Lakini nikaangalia zile nyuso, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ukumbi na muziki mniachie mimi."

Walipiga makofi, wakapiga na meza. Mzee mmoja akainuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Sasa tumejua tuna mtu Mwanza." Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Kirumba mpaka Mkuyuni na sikuona umbali. Nina umri mkubwa sasa, nimefanyiwa mambo mazuri na watu wengi, lakini sijawahi kujisikia mkubwa kama jioni ile. Nakuambia hivyo ili ujue sikupotea kwenye pombe wala kwa wanawake. Nilipotea kwenye makofi.

Mama yako akaniuliza, "Kikao kilikwendaje?" Nikasema vizuri, na nikamtajia kile kiasi kidogo tulichokubaliana.

Ukumbi na bendi wanataka malipo mapema. Nikaenda benki nikatoa kidogo, nikarudi tena, mpaka kitabu kikabaki na zile za kukifanya kisifungwe. Nilijiambia nitazirudisha. Pale kiwandani kulikuwa na kazi za ziada kila msimu. Nilijipigia hesabu kwamba kabla hajajifungua nitakuwa nimeziba, na hatajua kwamba zilitoka. Lakini mwaka ule pamba ilikuja kidogo. Kazi za ziada zikafutwa, halafu zamu zikapunguzwa, tukawa tunaingia siku tatu kwa wiki. Sikumwambia hilo pia. Siku ambazo hakuna kazi niliamka, nikavaa ovaroli, nikaenda kushinda Nyakato nje ya geti. Na Jumamosi ikifika, mama yako, na tumbo lake, alinihesabia pesa zake za ushonaji, nami nikazipokea. Nilizitumia kuziba pengo la mshahara wangu. Nilikuwa nalisha nyumba kwa pesa zake huku nikijionyesha kwamba ni zangu.

Ulikuja wiki tano kabla ya siku zako. Asubuhi, mama yako anakata kitambaa, akaanza kutokwa damu. Jirani akaita teksi, mimi nikafuatwa. Hospitalini walimwingiza kwenye upasuaji bila kungoja chochote, na mpaka leo nawashukuru. Ukatoka mdogo kiasi kwamba nilipoonyeshwa niliogopa kukuangalia. Wakakulaza wodi ya watoto wachanga.

Mama yako alipozinduka, jambo la kwanza aliuliza kama uko hai. La pili akasema, "Kesho pita benki, tusije tukadhalilika hapa." Nikasema sawa. Kesho yake nikamwambia benki ilikuwa na watu wengi. Siku iliyofuata nikamwambia nimesahau kitabu nyumbani. Wakati huo nilikuwa nazunguka mji mzima kutafuta wa kunikopesha. Nilikwenda mpaka kwa wajumbe wa ile kamati. Mmoja, mwenye duka la vipuri, aliangua kicheko. "Wewe tena? Bwana Ukumbi na Muziki?" Alidhani namtania. Akaninunulia soda.

Siku ya tano nikamwambia. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anakamulia kikombeni maziwa ya kukupelekea.

"Teresia, zile pesa hazipo."

Aliendelea kukamua. "Zote?"

"Zote."

"Zimekwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilitegemea atalia au atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alimaliza kukamua, akafunika kikombe kwa kisahani, akanipa. "Peleka maziwa kwanza," akasema. Nilipofika mlangoni akaniita. "Ukitoka huko, uza cherehani."

Niliiuza siku ile ile kwa mtu wa Nyegezi, kwa bei anayopewa mtu mwenye shida. Niliibeba mwenyewe kuipeleka barabarani. Wateja wake wawili walikuwa wamekaa barazani wanamsubiri, hawajui kama kajifungua.

Sasa fuata vizuri, maana hapa ndipo maisha yako yalipogeuka. Kama cherehani ingekuwepo, mama yako angeshonea nyumbani na wewe pembeni yake. Haikuwepo. Mshahara wangu ulikuwa nusu. Kodi ilikuwa inadaiwa. Kidonda hakijakauka vizuri, mama yako akaenda kuomba kazi kwenye duka la ushonaji mjini, anakaa kwenye cherehani ya mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwenye duka alimwambia wazi kwamba hataki mtoto mle ndani, akilia wateja watakimbia. Ukawa unaachwa kwa jirani, unakunywa uji mwepesi, ukapata kikohozi kisichoisha, ukakonda. Ulipofika miezi saba, bibi yako akatuma ujumbe kutoka Ukerewe: mleteni mtoto kabla hamjamuua.

Tukasema ni miezi sita tu, mpaka tupate cherehani nyingine.

Alikupeleka peke yake. Mimi nilisema nina zamu. Siku aliporudi nilikwenda kumpokea bandarini, ilikuwa mchana wa jua kali. Akateremka kwenye kivuko cha Nansio, kanga ya kukubebea ameikunja mkononi. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa pande zote mbili, na watu walikuwa wanamwangalia. Nikanyoosha mkono nimpokee mfuko.

"Usinishike, Lukas," akasema. "Tembea tu."

Tukatembea. Hakuongea mpaka nyumbani, na kwa kweli hakuongea mpaka karibu na Krismasi, isipokuwa ya lazima.

Nimeruka harusi. Nilitaka kuiruka kabisa lakini haitakuwa haki. Ilifanyika ulipokuwa na miezi miwili na nusu. Mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ukumbi huu na muziki huu ni zawadi ya kaka wa bwana harusi, akaomba tusimame, mimi na mke wangu, watu watuone. Mama yako akasimama, wewe mikononi, na mshono wake bado unamuuma. Akainamisha kichwa kuwashukuru. Alipokaa akaninong'oneza, "Muziki mzuri." Basi. Afadhali angenimwagia soda mbele za watu.

Miezi sita ikawa mwaka, na mwaka ukawa zaidi. Cherehani ilipopatikana, Ema alikuwa tumboni. Mama yako alikuja kukuchukua ukiwa na miaka mitatu. Ulijificha nyuma ya bibi yako ukauliza, "Huyu mgeni anaondoka lini?" Akalala siku mbili, akaondoka peke yake, kwa sababu hakutaka kukung'oa unalia. Alikuwa akija kila alipopata nauli. Mimi nilikuja mara chache sana, lakini nikija nilileta biskuti na mpira, nacheza na wewe nusu siku, naondoka ukiwa unanililia. Yeye alikuja na dawa za minyoo na nguo za kujaribisha. Mtoto atampenda nani hapo?

Na sasa lile swali. Ulikuwa na miaka kumi na nne, Jumapili alasiri, unapiga kiwi viatu pale kwenye ngazi. Hukuniangalia. Ukasema, "Baba, kwa nini Mama Ema alinitoa mimi, Ema akamlea?"

Ulikuwa umetumia miaka saba kulitafutia swali hilo siku yake, nililiona hilo kwenye mikono yako. Nami nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi: kwa sababu mimi nilichukua pesa. Nikasema, "Mama yako alikuwa na kazi nyingi, mwanangu."

Ukasema, "Aha." Ukaendelea na kiatu cha pili.

Pesa nilizochukua ziliharibu miaka saba. Maneno yale yameharibu iliyobaki. Kosa la kwanza ninaweza kuliita ujinga wa ujana. Katika la pili nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye kiti changu, mke wangu yuko ndani ananipikia, na nikamsingizia. Alisikia, Leti. Dirisha lilikuwa wazi. Jioni ile aliniwekea chakula kama kawaida, akaniambia, "Sikujua kama utafika huko." Nikangoja akuambie mwenyewe ukweli. Hakukuambia. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema mtoto aliyekwisha kumkosa mama asimkose na baba. Nilipaswa kukimbia kuja kukuambia dakika ile. Nilishukuru moyoni, nikanyamaza, nikafurahia kuwa mzazi anayependwa. Nilikuona unafaulu, unakwenda chuo, unaleta mshahara wako wa kwanza na kunikabidhi mimi shati, na yeye kitenge kilichonunuliwa haraka haraka. Alikivaa mpaka kikachanika.

Sasa kuna la mumeo Deo, ulijue na hilo. Wiki mbili zilizopita alinipigia. "Mzee shikamoo, naomba ushauri. Kuna kiwanja huku, mwenyewe ana shida, anauza rahisi. Zile pesa ambazo mimi na Leti tumeweka za mtoto zinatosha. Nataka nimshtue akifika akute tuna kiwanja."

Deo ni kijana mzuri. Hakuna ubaya uliomtuma. Ndiyo maana niliogopa, kwa sababu mimi pia hakuna ubaya ulionituma. Nikamwambia asubiri, nikatoka na simu nje, nikamsimulia yote haya. Ukimtoa mama yako, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyewahi kumwambia. Kisha akasema, "Nitamwambia Leti leo." Nikamwambia, "Usipomwambia, namwambia mimi." Kwa hiyo Jumanne ile alipokupigia mkagombana habari ya kiwanja, ukatoka chumbani umevimba macho, ukajua kwamba mumeo anataka kufanya maamuzi bila wewe, jua pia kwamba alikuambia kabla hajafanya. Mimi sikufanya hivyo. Usimhesabu pamoja na mimi.

Kuhusu pesa zenyewe sina cheo cha kumfundisha mtu. Ninachojua nimekijua kwa kuharibu. Mpango wa mama yako ulikuwa unatosha. Tulikuwa maskini, lakini ulitosha. Hata wewe kuja mapema, hata upasuaji, alikuwa ameviwekea sehemu. Nimekaa miaka mingi nikilaumu pamba na kiwanda, na kumbe vyote viwili vilikuwa ndani ya mpango wake. Kitu ambacho hakukiwekea sehemu ni mimi.

Kwa hiyo mkae wewe na Deo kabla hujawa mzito sana, meza moja, simu pembeni. Umeacha kazi, msidanganyane kwamba mshahara wa mwalimu mmoja utavaa viatu vya mishahara miwili. Semeni kwa sauti utakaa miezi mingapi bila kuingiza kitu, na katika miezi hiyo ni nini mtaacha kununua. Akiba iwe na majina yenu wote wawili, na kama ataona aibu mwambie baba mkwe wake aliona aibu hiyo hiyo na ilimgharimu mtoto. Na jueni mapema ni akina nani mtawaambia hapana. Watakuja ndugu wa Deo, watakuja wa kwetu, kutakuwa na harusi, kutakuwa na msiba. Nami nikija na shida yangu, na mnaona pesa iliyopo ni ya mtoto, nikatalieni. Nitakasirika siku mbili. Nikatalieni tu.

Kubwa kuliko yote, mkikosea, mmoja wenu amwambie mwenzake siku ile ile. Kama ningemwambia Teresia jioni ya kikao, angenifokea, tungekwenda wote kwa mwenyekiti kesho yake kuomba radhi, wazee wa Kwimba wangenicheka msimu mmoja. Ndiyo bei yote niliyokuwa naikwepa. Kuchekwa msimu mmoja.

Kabla sijaanza kuandika nilikwenda uani nikamwambia mama yako ninachotaka kufanya. Alikuwa ameinama kwenye ungo wa dagaa. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa sana, baba Leti," akasema.

"Najua."

"Nililia juu ya jambo hili mpaka likaisha. Sasa unataka kulifungua kesho anasafiri?"

Nikamwambia nisipolifungua leo, utajifungulia Bukoba ukiwa na jibu langu la uongo kichwani, na hata akija hutamfungulia mlango kwa moyo. Akatoa mawe mawili kwenye dagaa akayatupa. Kisha akasema, "Andika. Ila usiniombee msamaha kwake. Mimi sikumkosea."

Ni kweli. Hakukukosea. Kwa hiyo sikuombei umsamehe, hakuna cha kumsamehe. Na mimi sikuombi unisamehe pia, si kwa sasa. Sijui kama inawezekana kumsamehe mtu aliyekuacha umchukie mama yako ili yeye apendwe. Ukiweza siku moja, nitashukuru. Usipoweza, nitaelewa, na nitaendelea kuwa baba yako kwa namna utakayoniruhusu.

Nilikuwa nimepanga kukutumbukizia barua hii kwenye mkoba kesho, uisome ukiwa ndani ya meli, mbali na uso wangu. Nimeshituka kuona bado ni mimi yule yule, natafuta pa kujificha. Sitafanya hivyo. Ukirudi kutoka Kirumba nitakukabidhi mkononi, kabla hatujala, nami nitakaa barazani. Ukiwa na maswali nitajibu, ukitaka kunifokea nifokee, majirani wasikie. Usihangaike kunikinga.

Lakini usianze na mimi. Mama yako atakuwa jikoni wakati huo, atakupa mgongo, atajifanya anakoroga kitu. Usimngoje ageuke. Ingia.

Baba yako,
Lukas